Kiwanja Kidogo cha Mchoraji Mkubwa

Baba yangu alikata nyasi za watu wengine kwa miaka ishirini na sita, na kati ya wanaume wote niliowahi kuwafahamu ndiye pekee aliyeweza kugombana na mke wake juu ya urefu wa nyasi. Alikuwa kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, kwenye uwanja wa gofu kule Bukavu, mji tulikozaliwa mimi na wadogo zangu wawili. Yeye mwenyewe alizaliwa Rwanda, akauvuka mto Rusizi akiwa kijana, watu wetu walipokimbia mara ya kwanza. Hakurudi hadi nywele zilipoanza kumtoka.

Uwanja wake wa Bukavu mimi niliuona mzuri. Ulikuwa na maua na watu waliovaa soksi nyeupe. Papa, ndivyo tulivyomwita, hakujivunia uwanja huo hata kidogo. Alisema ulichorwa na mpimaji wa barabara, na ndiyo maana kila kitu kilikwenda moja kwa moja, na ndiyo maana mvua ikinyesha maji yalisimama kwenye grini kama supu kwenye sahani. Grini ndiyo ile sehemu ya mwisho, yenye nyasi fupi kabisa, ambapo shimo lipo. Kila mwaka grini mbili tatu zilimfia mikononi kwa maji, na kila mwaka Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wake alimlaumu yeye badala ya mpimaji.

Ni Mbelgiji huyohuyo aliyempa ugonjwa wake. Alimwambia kwamba ng'ambo, kwenye kilima kimoja upande wa Kamembe, Rwanda, kuna kiwanja cha mashimo tisa tu kilichochorwa na bwana mkubwa wa kazi hiyo, mtu ambaye viwanja vyake vingine viko Ulaya na wafalme wanacheza humo. Bwana huyo alikuwa amekuja kumsalimia ndugu yake katika kampuni ya kahawa. Akakaa wiki mbili, akazunguka kilima na mbwa na fimbo, akachora, akaondoka kabla mti wa kwanza haujakatwa. Kwenye orodha za viwanja vyake, kile hakimo. Nadhani hilo la kutokuwemo ndilo lililomvuta Papa zaidi. Siku hewa ikiwa safi, kutoka shimo la tatu la uwanja wake, aliweza kuona ng'ambo ya ziwa doa la kijani ambalo halikuwa la migomba wala la mikaratusi. Alilitazama miaka yote hiyo, na kwa kuwa alikuwa mkimbizi, njia ya kulifikia hakuwa nayo.

Vita vilipokwisha upande wa Rwanda, tulirudi. Kurudi ni neno la wazazi wangu. Mimi, mwenye miaka ishirini na minne, nilikuwa nahamia tu, na Kinyarwanda changu kilichekesha hata watoto niliopewa kuwafundisha shuleni. Kamembe tulipewa nyumba iliyokuwa tupu. Wenyewe walikuwa wamekimbilia kule tulikotoka, na kwenye daraja la Rusizi bila shaka tulipishana nao bila kujuana. Maman alifagia vyombo vyao akaviweka kwenye chumba kimoja, akafunga kwa ufunguo. "Bya bantu," alisema, yaani vya watu, na hakuna aliyeingia humo.

Wiki ile ile Papa akaenda kutafuta kilima chake. Alirudi jioni na matope hadi magotini, uso unang'aa kama bwana harusi.

Jumamosi nikamfuata, kwa udadisi na kwa ubishi. Nilichokiona ni malisho. Ng'ombe wa watu walitawanyika huku na huku, na penye bonde mtu alikuwa amepanda maharage. Nikamwambia nimetembea saa nzima kuja kuona nyasi.

"Toa bilato," akasema. "Macho inadanganya."

Nikavua viatu, nikimnung'unikia. Akanishika mkono kama mtoto, akaniongoza polepole, naye yuko pekupeku. Na kweli, chini ya zile nyasi ndefu ardhi ilianza kusema. Ilishuka kidogo, ikapanda, ikageuka kama bakuli lililoinamishwa. Hapo aliniambia nimesimama ndani ya shimo la mchanga la wachezaji, lililojaa udongo. Hatua sita mbele ardhi ikawa laini na ya kupangwa, tofauti na kilima kingine chote. "Grini ya saba," akasema. Alikuwa amezipata saba kati ya tisa, zote kwa nyayo. Mbili zilikuwa chini ya mikaratusi.

Alikuwa amevuka mpaka na fimbo moja ya chuma na mipira mitatu, vikiwa vimefungwa ndani ya godoro. Maman alivigundua tulipofika, na maneno aliyoyasema siyaandiki hapa. Kuanzia siku aliyonionyesha kilima, Jumamosi baada ya Jumamosi, Papa alikata grini ya saba kwa mundu, kisha kwa makasi ya fundi cherehani aliyoazima, akipiga magoti. Shimo akalitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga. Ng'ombe walimheshimu, sijui kwa nini, wakawa wanalala pembeni.

Shimo hilo la saba lilikuwa fupi, hatua mia na thelathini kuvuka korongo. Kule Bukavu shimo la namna hiyo lilikuwa la kina mama na mapadre. Hili lilikuwa na hila. Ukisimama juu ya grini, ziwa liko mbele yako lote, na macho yanakuapia kwamba kila kitu kinateremkia ziwani. Nilipiga mpira taratibu ili usipitilize. Ukapinda ukaelekea mlimani, mbali na ziwa, kwa namna iliyonikasirisha. Nikapiga tena, ukafanya vilevile. Papa alicheka hadi akakaa chini.

"Ulimuona?" akasema. "Alijua utakuja."

Alimaanisha mchoraji. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa baba yangu, na sikupenda kumwelewa, maana ilikuwa rahisi zaidi kumcheka. Alinieleza kwamba kwenye viwanja vikubwa bwana yule alikuwa na pesa na macho ya watu, akachimba maziwa, akahamisha milima, akapiga kelele. Hapa alipewa kilima, wanaume na majembe, na hakuna aliyemwangalia. Kwa hiyo alitumia kile kilichokuwepo. Ule mteremko aliukuta, hakuujenga. Yeye aliuona tu, akaweka grini pale ambapo jicho litakosea. Papa aliona kwamba kazi ya mtu inajulikana pale asipotazamwa, na kama angekuwa na nauli ya dunia nzima asingekwenda kwenye vile vya wafalme. Angetafuta vingine vidogo kama hiki, vilivyosahauliwa, avikate nyasi.

Maman aliyasikia hayo mezani. "Kizuri chajiuza," akasema. "Kama ni kizuri vile, juu ya nini hakuna muntu anakijua?"

"Mimi ninakijua," Papa akajibu, akaendelea kula.

Ninaupenda ule mwaka na nusu, niseme ukweli. Nilikuwa mgeni nchini mwangu, na kila Jumamosi kulikuwa na mahali ambapo ugeni haukuhusika. Hata siku vita viliposhuka Bukavu tulikuwa kule juu. Tulisikia milio ikivuka maji, mizito, na moshi ukasimama juu ya mtaa tuliokuwa tukiufahamu. Papa hakuinuka. Aliendelea kukata kwa makasi, na grini siku hiyo ilikatwa vibaya.

Baada ya siku hizo wakimbizi wa Rwanda walirudi kwa wingi, na miongoni mwao wenye nyumba yetu. Walikuwa mume, mke na mama mzee. Walisimama mlangoni, wakatusalimia vizuri, wakauliza kama wanaweza kulala jikoni. Maman aliwapa ufunguo wa kile chumba. Mama mzee alihesabu sufuria zake, akazikuta zote, akalia. Tulikaa pamoja miezi kadhaa, tukipishana uani kwa adabu inayochosha kuliko ugomvi. Komini, yaani serikali ya pale, ilitaka sisi tutoke kabla ya mvua kubwa, na ili tupate pa kwenda, burgumestri, mkuu wa komini, alitangaza kwamba kile kilima cha malisho kitakatwa parseli, vipande vya kujengea, na kugawiwa familia zisizo na nyumba.

Kilima chetu. Nilipomwambia Papa, akasema ni haki. Watu hawawezi kulala chini ya shitingi za plastiki ili mzee mmoja apige mpira. Alisema hivyo na naamini aliamini.

Agronomu wa komini, bwana shamba wao, alikuwa kijana mwenye haraka. Alimwomba Papa amsaidie kupima kwa sababu Papa aliweza kukupa mita hamsini kwa hatua bila kukosea hata mita moja. Nilikuwepo, nikiandika namba za parseli kwenye daftari. Walishuka wakikata kilima vipande vipande, na Papa alipigilia vigingi kwenye grini ya kwanza, ya pili, ya nne, bila neno. Walipofika ya saba akasimama.

"Hapa hapana," akasema. "Chini iko maji. Muntu akijenga, nyumba itaanguka."

Agronomu akapiga mguu chini. "Mbona panaonekana pakavu, Mzee?"

"Mimi nimefanya kazi na udongo miaka ishirini na sita," Papa akasema. "Iko maji."

Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Ni yeye aliyekuwa ameniambia mara kumi kwamba grini za bwana yule hazishiki maji, kwamba mvua ikinyesha asubuhi, adhuhuri unaweza kuzikalia na suruali nyeupe. Nikamtazama. Yeye akatazama vigingi. Sikusema kitu, na hilo nalo ni langu, sitambebesha yeye.

Alitumaini agronomu angeruka kile kipande. Lakini familia zilikuwa nyingi, na agronomu akakipa namba kama vingine. Kabla ya jua kutua kila mtu alikuwa anajua kuna parseli ya maji.

Tombola ilifanyika mbele ya ofisi ya komini. Karatasi zilikunjwa zikatiwa kwenye sufuria, na mmoja wa kila familia aliingiza mkono. Papa alichomoa karatasi ya parseli ya kando ya barabara, ambayo kila mtu aliitaka, na Maman akapiga vigelegele bila aibu. Parseli ya maji ilimwangukia mjane mmoja tuliyesali naye. Alikuwa amekulia Uvira, amerudi na watoto wanne bila mume, na alikuwa analala chini ya shitingi nyuma ya kanisa. Aliposomewa namba alikaa chini vumbini pale pale. Hakupiga kelele. Alikaa tu, miguu imenyooka mbele, watoto wake wakimzunguka, akasema hata Mungu amechoka naye.

Papa alikwenda akamwinua. "Maman, chukua yangu ya barabara," akamwambia mjane kwa heshima. "Mimi nitachukua ya maji."

Watu wakapiga makofi. Burgumestri alimshika mkono na kusema huu ndio moyo tunaoutaka. Jumapili iliyofuata, mjane alisimama kanisani kwenye saa ya ushuhuda, akasimulia yote huku analia, akamwita Papa mbele, akapiga magoti kumshukuru. Kwaya iliimba. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi, sijui aliupata wapi. Nilimtazama Papa akipokea ule mkungu. Alikuwa amejikunja kama mtu mwenye kidonda cha tumbo.

Nyumbani, Maman hakusema naye siku tatu kwa kutoa parseli ya barabara. Mimi nilimngoja uani.

"Papa, ile maji ni bongo," nikamwambia, nikitumia neno letu la Bukavu la uongo.

"Ni bongo."

"Na bantu banakushukuru."

"Ninasikia." Akakaa kwenye jiwe la kufulia. "Sikujua itamuangukia yeye. Nilisema bataiacha tu, ibaki nyasi. Kisha nikamuona amekaa pale chini, nikasema nimurekebishie."

"Na umepata grini yako."

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka, na lililonikasirisha zaidi ni kwamba sikuweza kuamua kama alikuwa mwizi au mtu mwema. Alikuwa ameharibu na kutengeneza kwa mkono uleule, na faida ikabaki kwake. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliiona ndefu, kwa sababu nami nilikuwa naitembea.

Na bado tulicheza. Hilo ndilo gumu kuliandika. Majirani walikuwa wanafyatua matofali, nyundo zinalia kilima kizima, na Papa alikuwa anaikata grini ya saba vizuri kuliko wakati wowote, kwa visingizio kwamba fundi hajapatikana, kwamba miti bado mibichi. Jioni tulipiga ile mipira mitatu, nami nikaja kujifunza kuulenga mlima ili mpira ukae sawa. Alikuwa na furaha nyingi wiki zile. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na furaha nami, na sikumsamehe.

Mvua zikakaribia. Wenye nyumba hawakusema kitu, lakini mama mzee alianza kukohoa kule jikoni, na Maman akamwambia Papa kwamba kama yeye hachimbi msingi wa nyumba, Maman atauchimba mwenyewe. Parseli ilikuwa mita ishirini kwa ishirini na tano, na grini iliimeza karibu yote. Hapakuwa na namna ya kujenga pembeni.

Tulianza asubuhi ya Jumatatu ya likizo, mimi na yeye. Alizivua nyasi kwa koleo, vipande vya mraba, akavipanga kivulini kana kwamba kuna mtu atavihitaji. Kisha akashika sururu. Udongo mweusi ulikuwa na unene wa kiganja. Chini yake ukatoka mchanga, safi, wa ziwani, uliobebwa vichwani hadi juu kule. Chini ya mchanga, mkaa uliosagwa. Chini ya mkaa, kokoto, ndogo juu na kubwa chini, zimepangwa kwa mkono, na kati yake mfereji wa mawe ulioteremkia korongoni. Vyote vilikuwa vikavu kabisa, hata jasho la udongo halikuwepo.

Papa alitupa sururu akapiga magoti ndani ya mtaro. Alichota mkaa, akaunusa. "Angalia," akasema. "Angalia, angalia." Miaka yote ile grini zilimfia Bukavu kwa maji, naye alilaumiwa, na jibu lilikuwa ng'ambo, chini ya lile doa la kijani alilolitazama. Alikuwa akicheka na kulia pamoja. Nami nilishuka, nikachota mkaa, nikawa nashangaa naye. Kwa dakika chache nilisahau kabisa nyumba na mpango wote.

Hatukumsikia mjane. Alikuwa anateremka kutoka kisimani na bidoni ya maji kichwani, na njia ya kwenda kwake ilipita kando ya parseli yetu. Nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtaro, anaangalia zile kokoto. Aliziangalia sana. Alishusha bidoni, akainama, akaokota moja, akaigeuzageuza, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba.

"Papa," akasema, "maji iko wapi?"

Papa alivua kofia. Alikuwa ndani ya mtaro, kwa hiyo ilimbidi amtazame juu. "Hakuna, maman," akasema. "Haikukuwako. Nilisema bongo."

"Juu ya nini?"

"Nilikuwa ninapenda hapa."

Mjane aliitazama ile kokoto mkononi mwake.

"Chukua parseli yako," Papa akasema. "Unirudishie ile ya barabara. Ao ubakie na zote mbili, sisi tutaona."

"Nyumba yangu imefika ku madirisha," mjane akasema. "Sitaki parseli." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Aliiweka ile kokoto mahali alipoitoa, taratibu, akajitwika bidoni yake, akasimama imara kwanza ndipo akasema: "Nilikupigia magoti mbele ya bantu bote, Papa. Mbele ya batoto bangu. Unirudishie asante yangu."

Akaenda zake.

Papa hakuchimba tena wiki ile. Jumapili, wakati wa ushuhuda, alisimama. Kinyarwanda chake cha utotoni kilimkimbia, akasema kwa Kiswahili, maneno machache, kofia mkononi: kwamba hapakuwa na maji, kwamba alidanganya kwa sababu ya mahali pa kuchezea mpira, na kwamba asante waliyompa si yake, ni ya yule maman, anamrudishia. Kwaya haikuimba. Mjane aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu chake na kukikuta kizima. Papa akarudi kukaa. Maman, ambaye hapo ndipo alipoujua ule uongo, alijisogeza kando kwenye benchi, akaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja.